Idara ya Ushawishi Mzito

Nchi ninayoisimulia ipo. Ukiitafuta utaifikia bila shida, mradi usimuulize mtu njia, kwa kuwa katika nchi hiyo kuuliza maswali ni kazi ya Idara yetu peke yake. Mimi, Makungu Feruzi, nilikuwa karani wa Idara hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Niliketi kwenye kona ya chumba na taipureta yangu, nikiandika yale ambayo watuhumiwa waliyasema na kuyaacha yale waliyoyapigia kelele.

Katiba yetu imekataza mateso. Ibara yenyewe ni nzuri mno, na watoto wa shule huikariri wakiwa wamefumba macho. Ndiyo maana Idara haikuwahi kumtesa mtu. Tulichokuwa nacho ni Ushawishi, nao ulikuwa na madaraja matatu: Mwepesi, wa Kati na Mzito. Ule Mwepesi ulikuwa wa kumsimamisha mtu wima siku mbili. Wa Kati ulihitaji maji. Kuhusu ule Mzito kanuni zilisema tu kwamba sharti daktari awepo, na daktari alikuwepo. Aliitwa Dokta Fungo, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye alimpima mtuhumiwa shinikizo la damu kabla na baada, kisha akamshauri apunguze chumvi.

Mkurugenzi wetu, Kanali Msabaha Kigwe, alikuwa mtu wa maadili. Kila mwaka aliandaa semina hotelini, akawaalika wasomi kujadili swali moja: ikiwa bomu linakaribia kulipuka, na mtu uliyemkamata ndiye pekee anayejua lilipo, je, si halali kumshawishi? Kila mwaka wasomi walijadiliana hadi saa saba, wakajibu kwamba ni halali, wakaenda kula. Mwaka mmoja mhadhiri mmoja aliuliza tutajuaje kwamba huyo tuliyemkamata ndiye anayejua. Kanali alimshukuru kwa mchango wake. Mwaka uliofuata hakualikwa.

Basi Jumatatu moja, saa nne asubuhi, bomu lililipuka kwenye posta kuu.

Walikufa watu watatu: mama mmoja aliyekwenda kumtumia binti yake kitenge, mzee aliyefuata barua, na mhudumu wa dirisha la stempu. Ofisi yetu inatazamana na posta, kwa hiyo niliwaona walivyofunikwa. Rais alihutubia taifa mchana ule ule. Alisema amehuzunika, amekasirika, na anatoa siku saba.

Idara haikuhitaji saba. Kufikia jioni tulikuwa na mtu. Aliitwa Nyange Bofu, naye alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya makaburi, mwenye kibanda nyuma ya posta. Makachero walioingia uani kwake walikuta mawe matatu yamekwisha kusuguliwa, bado hayajaandikwa majina. Watu watatu wamekufa, na mawe matatu yanasubiri. Kanali alipoletewa habari hiyo alifumba macho, kama mtu anayesikiliza taarabu nzuri kwa mbali.

Fundi Nyange alijieleza kwamba fundi wa mawe huweka mawe tayari kama vile mshonaji awekavyo vitambaa, kwa sababu msiba haupigi hodi. Kanali alisema maelezo hayo yametoka haraka mno, kwa hiyo yaliandaliwa.

Jumatatu ile alikana. Jumanne asubuhi waliingia kwenye Ushawishi Mzito, nami nikatolewa nje kwa saa mbili. Niliporudi, Fundi alikuwa amekubali. Alikubali posta. Alipoulizwa kuhusu daraja lililoanguka mwaka juzi, akakubali na daraja. Akakubali ukame. Akakubali mabao matano tuliyofungwa nyumbani na majirani zetu. Kuhusu meli iliyozama miaka sitini iliyopita alisita kidogo, akasema wakati ule alikuwa hajazaliwa. Sajini aliyesimama nyuma yake akasogeza kiti. Fundi akakumbuka kwamba alikuwepo.

Kanali alinigeukia akiwa na furaha ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. "Umeona, Makungu? Ukweli una mlango. Kazi yetu ni kuugonga tu."

Kisha wakataka washirika wake. Kwanza alisema hana. Baada ya Dokta Fungo kumpima tena shinikizo la damu, alikuwa nao arobaini na wawili.

Aliwataja mfululizo, macho yamefumbwa, kila mtu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na tarehe aliyozaliwa. Baada ya tarehe hiyo alitaja nyingine. Hakukosea, wala hakurudia jina. Kanali hakuwahi kupata maungamo yaliyonyooka kiasi kile, na hiyo tarehe ya pili ilimfurahisha kupita yote. Akaniamuru niiandike katika safu ya "Kujiunga na Mtandao".

Jina la ishirini na tisa lilikuwa Mwanate Abeid Kingu.

Mwanate ni mama yangu. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya kuzaliwa kwake, na ya pili ndiyo siku tuliyompoteza, miaka minne nyuma. Jiwe lake nililiagiza mimi mwenyewe, kwa fundi huyu huyu. Vidole vyangu vikasimama. Fundi Nyange akafumbua lile jicho lililoweza kufumbuka, akanitazama, na hapo nikaelewa alichokuwa anafanya. Walimtaka ataje watu, naye alikuwa anawatajia watu ambao hakuna awezaye kuwafanya lolote tena. Aliwajua kwa herufi zao, kwa kuwa alizichonga moja moja.

Kanali aliuliza kuna nini. Nikasema utepe umekwama. Kisha nikaandika jina la mama yangu kwa herufi kubwa, kama utaratibu ulivyotaka, kwa maana kazi ni kazi.

Jumatano na Alhamisi makachero waliusaka mji mzima. Kila nyumba waliyobisha hodi walijibiwa kwamba huyo ametangulia, au hatunaye tena, au amepumzika. Kanali alibandika ramani ukutani akatafakari. Watu arobaini na wawili wametangulia, na hakuna anayetaka kusema wametangulia wapi. Familia zote zinatumia lugha moja ya mafumbo, na wengine hufikia kutoa machozi wakiulizwa. Alisema katika miaka yake yote ya utumishi hajaona mtandao wenye nidhamu namna ile.

Kwetu walikuja wawili. Baba yangu aliwafungulia. Walipomuuliza Mwanate yuko wapi, mzee yule, ambaye tangu msiba hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza, aliwakaribisha ndani akawasimulia mambo ya mama kuanzia siku aliyomposa. Aliwaeleza alivyopenda kuimba akipepeta mchele, na alivyokataa katakata kula kunde. Wale makachero waliandika yote. Mwishoni walirudia swali lao, naye akawaelekeza bila kinyongo: makaburi ya Mtambani, safu ya tisa, upande wa ukuta.

Hiyo ndiyo anwani ya kwanza iliyopatikana. Walipofika hapo walimkuta si yeye tu, bali na wenzake wote arobaini na mmoja.

Kanali aliita waandishi wa habari. "Ndugu wananchi," alisema, "adui huyu anafanya kazi chini kwa chini." Kwa kadiri ninavyokumbuka, hiyo ndiyo taarifa pekee ya Idara iliyowahi kuwa sahihi.

Ijumaa asubuhi makaburi ya Mtambani yalizingirwa. Vikosi vyote vilipelekwa huko, pamoja na mbwa, na wataalamu wote sita wa mabomu ambao nchi yetu ilikuwa nao. Vipaza sauti viliwataka waliomo wajitokeze mikono juu kabla ya saa sita mchana ya kesho yake. Hakutokea mtu. Gazeti la serikali liliandika ukurasa wa mbele: MAGAIDI WAENDELEA KUKAA KIMYA. Rais alimpigia Kanali simu ya pongezi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo haya yalikuwa na upande wa pili, nao ulikuwa kwenye chumba cha mwisho cha ofisi yetu, kile kisicho na vifaa.

Humo aliwekwa Inspekta Hidaya Mnubi. Alikuwa mama wa makamo, askari wa usalama barabarani kwa miaka ishirini na minane, aliyeazimwa na Idara kwa sababu ya upungufu wa watu. Alibakiza miezi minne astaafu. Alikabidhiwa mtuhumiwa ambaye wengine hawakumtaka, fundi wa mafriji aitwaye Chuga Mtapa, aliyekamatwa karibu na posta kwa kuwa alikuwa amesimama tu akitazama. Kanali alimpuuza tangu mwanzo. Alisema mwenye hatia hulia, na huyu hakulia.

Kila Fundi Nyange alipokuwa kwa daktari, mimi nilitumwa kumwandikia Inspekta Hidaya. Nakiri kwamba nilichoka. Siku ya kwanza alimuuliza Chuga kama amekula. Siku ya pili walizungumza juu ya friji la Inspekta, ambalo lilitoa maji badala ya baridi, na Chuga akamweleza kwa kirefu tatizo liko wapi. Siku ya tatu alimuuliza Jumapili ile, mkesha wa bomu, alikuwa wapi. Chuga akasema alikuwa kwa dada yake, Kisimani. Inspekta akatoka, akampigia simu dada mtu, akarudi, akaketi.

"Dada yako anakusalimu," alimwambia. "Anasema hajakuona tangu sikukuu."

Hakuinua sauti. Alitulia tu, akamwacha yule mtu akae na uongo wake. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ushawishi wowote niliowahi kuuandika, na nilikosa la kuandika.

Siku ya nne alimweleza juu ya wale watatu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Alimwambia kwamba binti wa yule mama amekuja kukiulizia kitenge. Chuga alisikiliza akiitazama meza. Akauliza kama yule wa stempu alikuwa na watoto. Inspekta akasema alikuwa nao wawili. Chuga akaomba arudishwe mahabusu.

Jumamosi saa mbili asubuhi Chuga mwenyewe alimwita Inspekta, akasema. Saa ya bomu aliitengeneza yeye. Aliambiwa jengo litakuwa tupu, na hakujisumbua kuhakikisha, kwa sababu alitaka kuamini. Alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja, mcheshi, mpiga zumari, aliyeletwa Idarani kwetu miaka mitatu nyuma akatoka hajui jina lake mwenyewe. Tangu siku hiyo Chuga alikuwa anamtafuta mtu wa kumlipizia kisasi. Akataja wenzake wawili, walio hai, na mahali wanapolala. Kisha akasema kuna bomu la pili, soko la Gongoni, ndani ya ghala la viazi, leo saa tano.

Jumamosi ni siku ya gulio Gongoni.

Inspekta Hidaya alienda moja kwa moja kwa Kanali, nami nikimfuata na karatasi. Kanali alisoma ukurasa wote, akaugeuza, akatazama nyuma yake.

"Fomu namba tisa iko wapi?"

Fomu namba tisa ni ile anayoijaza daktari.

"Haikuhitajika, afande. Hakuguswa."

"Hakuguswa, na amesema?"

"Ndiyo, afande."

"Basi amesema kwa hiari yake," alisema Kanali, na alikuwa mpole kabisa. "Mtu anayesema kwa hiari yake, Inspekta, anaweza kusema chochote."

Inspekta alimweleza kwamba zimebaki chini ya saa tatu, akaomba mtaalamu mmoja tu wa mabomu. Kanali alisema wote wako Mtambani, ambako muda wa adui unaisha saa sita. Inspekta akasema basi apewe askari wa kufunga soko. Hapo Kanali alimweleza kama mzazi: ikiwa Chuga ndiye aliyetengeneza bomu, basi Fundi Nyange hakulitengeneza, na ikiwa Fundi Nyange hakulitengeneza, Rais amepongeza nini? Inspekta alisema hilo yeye halijui. Kanali akasema ndiyo hivyo, halijui, na akamrudishia karatasi.

Inspekta alikuja mezani kwangu akaniomba nimchapie amri ya kufunga soko na kuipiga mhuri. Nilimwambia mhuri ni wa Kanali. Ilikuwa kweli, ila ufunguo wa kabati la mhuri ulikuwa mfukoni mwangu, na nadhani aliuona mkono wangu ulivyoufunika. Hakunilaumu. Alisema, "Sawa, mdogo wangu," akavaa kofia yake nyeupe ya barabarani, akachukua filimbi, akatoka.

Nilimfuata. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga, kwa umbali ambao mtu mwingine angeuita woga.

Soko lilikuwa limefurika. Nilidhani atapiga kelele ya bomu, lakini yeye alikuwa amesimamia watu kwa miaka ishirini na minane. Alijua kwamba ukisema bomu, nusu watakanyagana, na nusu watabaki waone. Alimwendea muuza nyanya wa kwanza akamwinamia sikioni. Baadaye yule dada alinieleza alichoambiwa: askari wa jiji wanakuja kukagua leseni, wamejaa magari manne, na leo hawataki maelewano.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuna aliyepiga ukelele. Turubai zilikunjwa, mitumba ikafungwa mafurushi, mizani zikapotelea ndani ya khanga. Wauza samaki waliondoka, na paka wakawafuata. Hata wenye leseni walikimbia, na walikuwa na uzoefu wa kutosha wa kufanya hivyo. Inspekta alisimama katikati na filimbi yake, akiongoza mikokoteni, huu kulia, huu kushoto, kama siku ya maandamano ya kitaifa. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja muuza ugoro, asiyesikia vizuri, aliyetaka kujua leseni ni nini. Inspekta alimbebea kigoda chake mkono mmoja, na mkono wa pili akamshika bibi mwenyewe.

Saa tano na dakika tatu ghala likapaa.

Ukuta mmoja ulianguka, na viazi vilinyesha hadi tulipokuwa. Kimoja kilidondoka mguuni pangu, kimeiva nusu. Hakufa mtu. Nilipochungulia nilimwona Inspekta Hidaya ameketi kwenye kigoda cha ugoro, kofia imefunikwa vumbi, na yule bibi anampapasa mgongo akimwambia kwamba hawa watu wa jiji safari hii wamezidi.

Serikali haikuchelewa kueleza maana ya tukio hilo. Bomu la kwanza liliua watatu na la pili halikuua mtu, jambo lililoonyesha wazi kwamba Ushawishi wa Fundi Nyange umeuvunja nguvu mtandao. Kanali alivishwa nishani. Saa sita kamili, muda ulipoisha, vikosi viliingia Mtambani na kung'oa mawe arobaini na mawili, yakapelekwa stoo yakawe vielelezo. La mama yangu ni kielelezo namba ishirini na tisa. Baba bado anaenda kila Ijumaa, na sasa inambidi ahesabu hatua kutoka ukutani.

Wenzake Chuga wawili walikamatwa jioni hiyo, palepale alipoeleza kuwa wanalala, na askari wa barabarani ambao Inspekta aliwaomba kirafiki. Walikabidhiwa Idara. Baada ya siku moja walikiri kwamba kiongozi wao ni Fundi Nyange.

Fundi mwenyewe alisamehewa na Rais kwa huruma yake, maana mtu aliyekiri huwezi kumwachia hivi hivi. Alirudi kwenye kibanda chake. Familia tatu za posta zilikuwa zinamsubiri awachongee majina, na alipokea maagizo, akaketi, akachukua patasi. Ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Waliohudhuria wanasema aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyewakosea, akawaelekeza kwa fundi mwingine, mji wa pili.

Jumatatu Inspekta Hidaya aliletwa Idarani, safari hii akiwa mtuhumiwa. Alijua mahali pa bomu na alijua saa, na mambo hayo mawili hayajulikani ila na waliomo. Aliketi kwenye kile kiti. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu.

"Ulijuaje?" aliuliza Kanali.

"Nilimuuliza."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa mdomo, afande. Naye akanijibu."

Kanali alitazamana na Dokta Fungo. Akauliza mara ya pili, na ya tatu, na jibu likawa lile lile. Akaniamuru niandike kwamba mtuhumiwa amekataa kutaja mbinu aliyoitumia. Inspekta akanigeukia, akaniambia niandike alivyosema. Mbele yangu palikuwa na karatasi moja na sentensi mbili. Niliandika ya Kanali.

Kwa kanuni, mtuhumiwa husomewa maelezo yake kabla ya kutia sahihi. Nilimsomea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba kalamu, na pale penye sahihi akaandika neno moja kwa mwandiko wake wa kuandikia ripoti za ajali: Nilimuuliza.

Kanali alilitazama neno lile kwa muda. Alilihesabu herufi. Alilisoma kutoka nyuma. Kisha akaamuru lipelekwe Kitengo cha Mafumbo, na hadi leo wataalamu watatu wanalichunguza, mmoja wao amesomea ng'ambo. Inasemekana wamefika kwenye herufi ya sita. Inspekta Hidaya ataendelea kuwa mikononi mwetu mpaka litakapofumbuliwa.

Siku moja nilijikaza nikamwambia Kanali, kwa unyenyekevu wote, kwamba labda tungemuuliza mwenyewe lina maana gani. Alicheka hadi akafuta machozi. Akanipiga begani, akasema ndiyo maana mimi nimebaki kuwa karani.